Kodi ya Kutazama Ng'ambo

Bili ya Desemba ilifika Jumamosi, na Royce Colby aliifungua kwa kisu cha siagi. Akaisoma. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo. Akaisoma tena, akailaza mezani kifudifudi, kisha akaanza kupaka siagi mkate ambao alikwisha kuupaka.

"Ngapi?" mkewe akauliza.

"Wamekosea."

"Sijauliza kama wamekosea. Nimeuliza ngapi."

"Elfu tano, mia tatu na arobaini na nane."

Claudette akazima jiko. Desemba iliyopita kodi ya jengo ilikuwa elfu mbili na mia tano na kitu, na hata hiyo waliilipa kwa kujinyima. Royce alikuwa na pensheni ya mji, kwa miaka thelathini na mmoja ya kuendesha gari la kukwangua theluji barabarani. Claudette alikuwa na hela kidogo ya uzeeni. Wakijumlisha, kwa mwezi walipata dola elfu mbili na mia sita na tisini. Bili ile moja ilikuwa miezi miwili ya maisha yao, bila kula na bila kuwasha moto, na Julai ingekuja nyingine.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa bila hodi. Ni Arlene tu, dada yake Royce, aliyeingia hivyo. Aliishi ng'ambo ya mto, jimbo la Vermont, mwendo wa dakika ishirini, na kila Jumamosi alivuka daraja kuja kufanya manunuzi upande huu wa New Hampshire, ambako dukani hakuna kodi ya mauzo. Alijaza gari mvinyo, karatasi za chooni na mara moja matairi manne, kisha akapita kwa kaka yake kunywa kahawa na kutaniwa.

"Haya, mkimbizi wenu kafika," akasema, maana ndivyo Royce alivyomwita kila Jumamosi. Royce aliendelea kupaka siagi. Arlene akamtazama wifi yake. "Kafa nani?"

Claudette akamsogezea karatasi.

Arlene alisoma akiwa amesimama, na kofia kichwani. "Yesu na Maria! Ya mwaka hii?"

"Nusu mwaka," Claudette akasema. "Julai tulilipa elfu mbili na nusu kwa thamani ya zamani, ongezeko lote limeangukia hii. Ya mwaka mzima ni elfu saba na mia tisa."

"Mimi mwaka huu nimelipa elfu mbili na mia moja. Na nyumba zetu ni zile zile, wifi, vyumba vitatu na bomba linalovuja. Lakini kwetu serikali inatazama kipato. Inasema huyu bibi hana kitu, mkateni. Wananikata."

"Na kodi ya mapato je?" Royce akadakia. Huo ulikuwa wimbo wake na aliujua hata akiwa usingizini. "Na dukani je? Kila ukikohoa huko wanakutoza. Hapa hatukatwi mshahara, hatukatwi dukani. Mtu na hela yake."

"Nalipa, ndiyo. Nalipa kidogo kidogo, wala sisikii. Wewe hulipi kidogo kidogo, unakaa kusubiri ugongwe na lori."

"Hapa hatukatwi mshahara, Arlene."

"Mshahara gani, Royce?" Arlene akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Nakuuliza kwa mapenzi tu. Mara ya mwisho ulipokea mshahara lini?"

Kaka yake akatafuna mkate wake. Arlene aliona ameumiza, akaanza kupekuapekua kurasa za nyuma ili apate jambo lingine la kusema. Ukurasa wa pili ulikuwa na mchanganuo wa thamani: ardhi, jengo, banda. Chini kabisa kulikuwa na mstari ambao haukuwapo miaka yote.

"Mandhari," akasoma. "Dola elfu themanini na nane. Mandhari gani tena?"

Hapo wote wawili, mume na mke, walijua mara moja.

Miaka miwili nyuma Claudette alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akalazwa wiki tisa katika chumba cha chini. Dirisha la chumba hicho lilielekea misonobari iliyosimama karibu kiasi kwamba mchana ilibidi taa iwashwe. Siku moja alisema, kwa kuchoka tu, kwamba giza lile litamuua kabla ya nyonga. Kesho yake Royce alitoka na msumeno wa mashine. Alikata kwa siku nne, miti kumi na minne, mtu wa miaka sabini na mbili. Kila jioni aliingia akinuka utomvu na kutoa taarifa: kesho utaona uzio, kesho utaona barabara. Siku ya nne Claudette aliona mto, na ng'ambo ya mto mashamba ya Vermont yakipanda mpaka mlimani. Alilia. Royce akasema hiyo ni Vermont tu, hakuna la kulilia.

Kisha mji ukaleta mthamini kupima nyumba zote upya, na mthamini hupima pia mtu anaona nini kutoka kwake.

Arlene akaenda chumbani kuona mwenyewe. Wakamsikia akicheka peke yake, kicheko kirefu cha kushika mbavu. "Royce! Lile si ghala la majirani zangu? Na ile pale si barabara ya kwangu? Yaani mji wenu unakutoza kwa kututazama sisi?" Akarudi jikoni akijifuta macho. "Kwetu wanauliza unaingiza nini. Kwenu wanauliza unaona nini!"

Alipoona hakuna anayecheka, alivua kofia, akaketi, akaomba kahawa.

*

Jumatatu walikwenda ofisi ya mji. Karani, Peggy, alikuwa mwanamke mkarimu, na ukarimu wake ulisikika mpaka kwenye foleni.

"Mzee Royce! Mmekuja kwa ajili ya ile nafuu ya kodi ya wazee? Msione haya, wengi wanakuja."

Nyuma yao alisimama mtu ameshika leseni ya mbwa. Royce akasema kwa sauti ya chini kwamba wamekuja kuuliza tu. Peggy akawapa fomu, wakaijaza pale pale kwenye kaunta: pensheni, akiba, gari la mwaka gani, bima ya mazishi ya kiasi gani. Claudette ndiye aliyeandika. Royce alitazama ramani ukutani kana kwamba anatafuta barabara, yeye aliyezikwangua zote.

Peggy akapiga hesabu, akapiga tena. "Oo, jamani. Kwa mume na mke mwisho wa kipato ni elfu thelathini na mbili kwa mwaka. Nyie mmezidi dola mia mbili na themanini."

"Mia mbili na themanini," Claudette akarudia.

"Kama mngekuwa mmepungukiwa kidogo tu!" Peggy akasema, kwa huruma ya kweli kabisa. Akawaonyesha njia ya pili: kuomba madiwani wapunguze uthamini. Walipe kwanza, waombe kabla ya mwezi wa tatu, na mthamini atakuja tena kutazama.

Garini Claudette akapiga hesabu nyuma ya bahasha. Hii ya sasa ingelipwa kwa akiba, na akiba ingeishia hapo. Mbele ya safari, kwa elfu saba na mia tisa kwa mwaka, nyumba ingeuzwa, hakuna ujanja. Kwa elfu sita na nusu wangeweza kujibana, wakiacha bima ya gari la pili na kushusha joto la nyumba. Alimwonyesha mumewe. Royce alisoma namba zile, akawasha gari, na akaendesha mpaka nyumbani bila kuwapungia mkono watu aliopishana nao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika mji ule.

*

Siku ya mthamini kulianguka theluji nzito. Royce aliamka mchangamfu, kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Alisimama dirishani na kikombe chake. Nje hapakuwa na mto, hapakuwa na Vermont, hata uzio haukuonekana.

"Mungu naye ni mtu wa New Hampshire," akasema.

Mthamini alikuwa binti wa kampuni iliyokodiwa na mji, jina lake Keane, mwenye viatu vikubwa na adabu. Royce alimpeleka moja kwa moja chumbani, akafungua pazia kwa mikono miwili. "Haya, dada. Nionyeshe elfu themanini na nane ziko wapi."

Keane akatazama weupe ule. Akatabasamu kidogo, akafungua faili na kutoa picha. Ilikuwa imepigwa kutoka pale pale uani, mwezi wa kumi, siku ya jua: mto wote, mashamba yote, milima imewaka rangi nyekundu na ya dhahabu. Claudette alifikiri ni picha nzuri sana, akajiuliza kama angeweza kuomba nakala.

"Sipimi hali ya hewa, mzee," Keane akasema. "Napima kile ambacho mnunuzi wa kutoka Boston angekilipia. Na angekilipia, naomba uniamini."

"Mimi siuzi."

"Najua." Alikuwa ameshasikia maneno hayo katika nyumba nyingi. "Sikilizeni. Mimi nina kipimo tu. Madiwani ndio wenye moyo. Sheria inawaruhusu kupunguza wakiona sababu ya kutosha. Kama malipo yamewaelemea, waambieni. Hiyo ni sababu. Watu wanaisema kila mwaka."

"Hayajatuelemea," Royce akasema.

Claudette alimtazama mumewe shingoni, ambako wekundu ulikuwa unapanda. Alijua kilichomkaba. Kila Machi mji ule hukutana ukumbini, watu wazima wote, kupigia kura bajeti kwa kuinua kadi. Mwaka mmoja, zamani kidogo, mtu alisimama na kuomba mji uunge mkono kodi ya mapato ya jimbo, kama wenzao wa Vermont, ili wazee wapumue kwenye kodi ya majengo. Royce ndiye aliyemjibu. Alisimama na jaketi lake la kazi akasema asiyeweza kulipia mji huu daraja analiona, avuke. Ukumbi ulipiga makofi. Mwaka huo huo wajane wawili walivuka kweli, na Royce aliwasaidia kubeba makochi.

"Basi semeni jingine," Keane akasema, akifunga faili. "Semeni mandhari hamuitumii. Ni dirisha moja tu, la chumba cha kulala. Wanaweza kukubali."

Keane aliposhuka ngazi za nje, Royce alimshika mkono asiteleze.

*

Wiki nzima kabla ya kikao walifanya mazoezi mezani kama watoto wa kwaya.

"Wakikuuliza unatazama, unasema nini?"

"Nasema sitazami."

"Useme pazia linafungwa kwa sababu ya baridi. Kwamba mwanga unakuumiza macho. Kwamba haikusaidii chochote."

"Royce, kwa nini tusiseme tu hatuna?"

"Kwa sababu tunazo."

"Tunazo wapi?"

Mzee akainuka kwenda kutazama tanuri la kupasha nyumba joto, ambalo halikuwa na tatizo. Claudette alibaki na sahani. Alichoka. Hakuwa na hasira naye, hasira inahitaji nguvu. Alifikiria angemwambia Arlene, lakini Arlene angechukua simu na kumtukana kaka yake mpaka ajifungie bandani, na kikao kingekuwa pale pale.

Kikao kilikuwa Jumanne saa kumi alasiri, chumba cha nyuma cha ofisi ya mji. Madiwani walikuwa watatu, na mwenyekiti alikuwa Dwight Sleeper, mpika sharubati ya utomvu wa miti, jirani yao wa barabara ya juu. Peggy aliandika kumbukumbu. Dwight aliwakaribisha, akauliza hali ya nyonga, akasoma ombi kimyakimya, kisha akavua miwani.

"Royce. Tuongee kama watu wanaofahamiana. Kuna ugumu wowote wa malipo? Maana kama upo, jambo hili linakwisha sasa hivi, wala halitoki nje ya mlango huu."

Ulikuwa mlango mzuri, umefunguliwa kwa heshima. Claudette aliuona wazi kabisa. Aligusa goti la mumewe chini ya meza.

"Hakuna ugumu," Royce akasema. "Ni suala la haki tu. Mnatutoza kitu ambacho hakitumiki."

Diwani wa pili akakohoa. Dwight alimtazama Royce kwa muda, kisha akamgeukia Claudette, na ilionekana kazi hiyo haimpendezi. "Bi. Claudette, chumba ni chako. Mandhari hiyo inakufaa chochote?"

Alikuwa na maneno yote tayari. Mwanga, macho, baridi. Lakini yalipofika mdomoni aliona ni mengi mno, na kwamba akianza kuyapanga atakwama katikati. Akachukua njia fupi.

"Hainifai kitu," akasema. "Afadhali angeiacha miti."

Hilo la mwisho halikuwa kwenye mazoezi. Alilisema tu, ili lisikike kweli, na likasikika kweli. Kando yake Royce hakusogea.

"Naomba niisome kwa ajili ya saini," Peggy akasema, na kwa sauti yake ile ya kaunta akasoma: "Bi. Colby ameeleza kuwa mandhari iliyofunguliwa na mumewe haimfai kitu, na kwamba afadhali angeiacha miti. Ni sawa?"

"Ni sawa."

Akatia saini. Madiwani wakanong'ona, hawakuchukua hata dakika tano. Mandhari ikashushwa kutoka elfu themanini na nane hadi elfu thelathini. Kodi ya mwaka ingekuwa elfu sita, mia tano na nne. Dwight akawapa mikono wote wawili, na alipofika kwa Royce akaushikilia kidogo mkono ule.

"Mpaka uthamini ujao," akasema. "Baada ya hapo siahidi."

*

Walipanda gari. Theluji ya pembeni ya barabara ilikuwa imeingia weusi, na matope ya Machi yalirukia kioo. Nyumba ilikuwa yao kwa miaka michache mingine. Claudette alijua anapaswa kufurahi, akaitafuta furaha, akaikuta imechoka kama yeye.

"Elfu sita, mia tano na nne," akasema. "Tutajibana."

"Tutajibana."

Wakapita kanisa, wakapita kituo cha mafuta, ambako magari ya Vermont yalikuwa yamepanga foleni. Siku nyingine Royce angesema neno. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza.

"Claudette."

"Ee."

"Ile uliyosema."

"Ulinifundisha mwenyewe, Royce."

"Mengine nilikufundisha. Ile ya miti sikukufundisha."

Claudette akageuka kumtazama. Mzee alikuwa na macho barabarani. Miaka arobaini na tisa ya ndoa, na hakuwahi kumwona akiogopa jibu. Alipocheleweshewa mshahara, alipozikwa mdogo wake, siku ile daktari wa nyonga alipotoka na uso mbaya, hakuwahi. Sasa aliogopa. Mtu huyu angeweza kusema maneno mawili kwa Dwight Sleeper, maneno mawili tu, hatuna hela, na wala asingeumia hivi. Claudette alitamani kumwambia hilo. Aliona hakuna haja, maana alikuwa analijua.

"Asubuhi ukiwa bandani," akasema, "nafungua pazia kabla ya kuvaa viatu. Kwanza inawashwa taa ya ghala. Halafu basi la shule linapita barabara ya chini, linasimama mara tatu. Kuna mwanamke ana mbwa mweupe, siku za baridi anambeba. Barafu ya mtoni mwaka jana ilivunjika tarehe kumi na moja mwezi wa nne, nilikuwa nimekaa pale pale. Nilikuita, hukusikia."

Royce alipunguza mwendo.

"Kila siku, Royce. Tangu ulipoukata mti wa mwisho. Sijakosa hata siku moja."

Mzee akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Akasogeza gari pembeni ya barabara, akalizima, akaweka mikono mapajani.

"Basi tumewaibia," akasema mwishowe.

"Tumewaibia."

"Mandhari ya elfu hamsini na nane."

"Washa gari," Claudette akasema. "Nyonga inauma."